Johann Ludwig Krapf: Msafiri wa Ukambani Aliyeijaza Maktaba ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi atokaye Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, akipewa kazi ya kuandika utafiti juu ya historia ya Kiswahili, aghalabu huanza na dhana kwamba mada hiyo ni ya watu wa pwani, na kwamba kwao hakuna kinachohusika nayo. Huingia maktabani akiwa mgeni mara mbili: mgeni wa vitabu na mgeni wa mada. Lakini kamusi mojawapo iliyo msingi wa taaluma yetu ilitungwa na mtu aliyeivuka kwa miguu nchi iliyo kati ya Mto Athi na mji wa Kitui, akala chakula cha Wakamba, akaandika maneno ya Kikamba sambamba na ya Kiswahili, na nusura afe kwa kiu katika nyika hiyo. Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari na mwanaisimu Mjerumani aliyefariki mwaka 1881.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa lengo maalumu. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya Krapf mmisionari na Krapf mgunduzi. Sisi tunamtazama kama mtu aliyekaa pande zote mbili za meza ya maktaba: alikuwa msomaji aliyeongozwa na vitabu, na baadaye akawa mtu aliyezijaza rafu ambazo wanafunzi wa Kiswahili huzitumia hadi leo. Anayeyafuata maisha yake kwa makini hujifunza pia namna ya kuzitafuta nyaraka, kuzipima na kuzitumia. Hoja yetu ni moja: kila kitabu kina njia iliyokifikisha kwenye rafu, na mtafiti asiyeifahamu njia hiyo hawezi kujua ni kiasi gani akiamini kitabu hicho.

Kijana na Ramani Yenye Nafasi Tupu

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi 6. Ugonjwa huo ulimfanya msomaji, kwa kuwa kitandani hakuwa na kazi nyingine ila kusoma Biblia na kuyatafakari aliyoyasoma. Alipopona alipelekwa shuleni Tübingen.

Huko shuleni alipata atlasi, na katika kuifunua akaona kwamba upande wa mashariki ya Afrika, katika nchi za Waadali na Wasomali, ramani ilikuwa na majina machache mno. Kijana akajiuliza kama nchi hiyo yote ilikuwa jangwa lililojaa fisi. Wakati huohuo alipata kwa muuza vitabu mmoja buku la safari za James Bruce, Mskoti aliyeizuru Uhabeshi katika karne ya 18. Akalisoma, na kweli akakuta humo habari nyingi za fisi.

Kisa hiki ni kidogo, lakini mpangilio wake ni wa kuzingatiwa. Kwanza palikuwa na pengo katika ramani. Pengo likazaa swali. Swali likamtuma mtoto kwenye kitabu. Wanafunzi wengi wa siku hizi huugeuza mpangilio huo. Huingia maktabani bila swali, wakakusanya vitabu vyote vyenye neno Kiswahili katika jalada, kisha wakajaribu kuunda swali litakalovitosha vitabu hivyo. Matokeo yake ni kazi yenye marejeleo mengi na hoja chache. Aliye na swali dogo lililo wazi hujua upesi kitabu kipi akifungue na kipi akirudishe.

Uhabeshi na Thamani ya Miswada

Mwaka 1827 Krapf alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Hakudumu. Vitabu vya wacha Mungu wa fumbo alivyovisoma vilimtia mashaka juu ya wito wake, akatoka na kwenda kusoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, alikomaliza mwaka 1834. Baada ya muda alirudiwa na azma yake ya awali, akaajiriwa na shirika la wamisionari wa Kianglikana la CMS la London. Mwaka 1837 aliondoka Ulaya, akapitia Misri ambako alijifunza Kiarabu, kisha akaingia Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo.

Mwaka 1838 wamisionari walifukuzwa Adwa. Mwaka uliofuata Krapf akaenda kusini, katika ufalme wa Shewa uliotawaliwa na Sahle Selassie, na huko akakaa hadi mwaka 1842. Katika miaka hiyo alijifunza lugha ya Waoromo na kutafsiri sehemu za Injili katika lugha hiyo. Pia alikusanya miswada ya kale ya lugha ya Geez na kuipeleka Ulaya. Mwaka 1842 Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunukia shahada ya udaktari kwa kuitambua kazi yake katika lugha za Uhabeshi.

Hapa tunamwona Krapf akianza tabia itakayoleta faida kubwa kwa Kiswahili miaka 12 baadaye: kila alipokuta maandishi ya wenyeji, aliyatafutia mahali pa kuhifadhiwa. Tabia hiyo ina upande wa pili ambao haufai kufichwa. Mswada uliohifadhiwa Ulaya umesalimika, lakini pia umeondoka machoni pa watu wa nchi ulikotungwa. Tutalirudia jambo hili.

Mombasa, 1844

Baada ya kuzuiwa kurudi Shewa, Krapf aliamua kuwafikia Waoromo kwa kupitia pwani ya kusini. Mwezi Januari 1844 aliwasili Zanzibar pamoja na mkewe Rosine, waliyeoana naye Misri mwaka 1842. Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwaka huohuo wakahamia Mombasa. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki kwa homa, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo.

Wakati wa msiba huo alikuwa amekwisha kuanza kazi ya lugha. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidin. Sura 3 za kwanza za tafsiri hiyo zilifika Marekani na kuchapishwa mwaka 1847 katika jarida la Shirika la Mashariki la Marekani. Mtafiti anayetafuta Kiswahili cha awali kilichochapishwa kwa hati za Kirumi hawezi kulipita jarida hilo. Jambo la kushangaza ni kwamba hatalikuta katika rafu za Kiswahili. Limo katika majarida ya taaluma za Mashariki, pamoja na makala juu ya Kisanskriti na Kiarabu. Ndiyo maana mkutubi mzuri humwambia mwanafunzi asiishie kwenye orodha ya vitabu, bali aulizie pia faharasa za majarida.

Mwaka 1846 aliwasili Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, nao wakaanzisha kituo Rabai, katika vilima vya nyuma ya Mombasa. Hapo Krapf aliendelea kuandika maneno, siku baada ya siku, kama alivyoyasikia kwa watu wa Mombasa, watumwa, wasafiri na wafanyabiashara. Kamusi yake ilianza kama rundo la karatasi za namna hiyo.

Ukambani, 1849 na 1851

Wakati huo Wakamba walikuwa mabingwa wa biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na pwani. Misafara yao ilifika Rabai na Mombasa, na baadhi yao walikuwa na makazi karibu na pwani. Aliyejulikana zaidi miongoni mwa wakuu wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Mwendwa, aliyeishi upande wa Kitui. Krapf alitambua kwamba njia ya bara ilikuwa mikononi mwa watu hawa.

Mwezi Novemba 1849 aliondoka Rabai, akaipita nyika ya Taita, akafika Kikumbulyu, nchi ya Kibwezi katika Makueni ya leo, akauvuka Mto Athi na kuingia nchi ya Kitui. Anayesafiri sasa kwa barabara ya Kibwezi hadi Kitui, kupitia Ikutha na Mutomo, huupita kwa saa chache upana wa nchi uliomgharimu siku nyingi za jua na miiba. Kivoi alimpokea, akamweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Kwa siku kadhaa mawingu yaliuficha. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka, na Krapf akauona mlima huo, umbali wa zaidi ya kilomita 140, ukiwa na vilele viwili vilivyosimama kama pembe.

Katika shajara yake aliliandika jina la mlima kama alivyolisikia kwa Wakamba. Wakikuyu huuita Kĩrĩnyaga. Wakamba husema Kĩĩnyaa. Krapf aliandika Kenia, na mahali pengine Kegnia. Kutoka karatasi hiyo jina likaingia vitabuni, likaingia ramani, na mwishowe likawa jina la nchi. Ni vyema mwanafunzi wa Mutomo alijue hili anapodhani kwamba kwao hakuna chochote kilichoingia maktabani. Tena asiandike kwamba Krapf alikuwa mtu wa kwanza kuuona mlima huo. Wakamba, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakiuona kila asubuhi isiyo na mawingu. Krapf alikuwa Mzungu wa kwanza kutoa habari zake kwa maandishi, na waliompa habari hizo walikuwa Wakamba.

Mwezi Julai 1851 alianza safari ya pili, akikusudia kujenga kituo Yatta na kuufikia Mto Tana. Mwezi Agosti yeye na Kivoi walikuwa karibu na Tana waliposhambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Alikuwa na kiu hata akaufikia mto kwa kufuata alama za wanyama, kisha akajaza maji katika mtutu wa bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, kwa sababu hakuwa na chombo kingine. Alitembea usiku na kujificha mchana. Alipofika kwa jamaa za Kivoi alilaumiwa kwa kutokufa pamoja na mwenyeji wake, na ilimbidi atoroke tena ili arudi Rabai.

Habari za safari hizi zimetufikia kwa mkono wa mtu mmoja tu, naye ni yule aliyeokoka. Kivoi hakuacha shajara. Jamaa zake waliomlaumu Krapf hawakuacha barua. Mtafiti anayetumia habari hizi sharti ajiulize swali ambalo hakimu yeyote huliuliza: upande wa pili ungesema nini?

Ubishi wa Theluji

Kilichofuata Ulaya ni somo ambalo kila mwanafunzi wa utafiti angepaswa kulifahamu. Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 na kutoa habari ya theluji kileleni. Krapf akaleta habari kama hiyo juu ya mlima wa pili. Huko London alikuwako mwanajiografia aitwaye William Desborough Cooley, msomi wa vitabu vya Wareno, Waarabu na wengineo, aliyejenga elimu yake juu ya bara la Afrika bila kulikanyaga. Mwaka 1852 Cooley alitoa kitabu juu ya Afrika ya ndani ambamo alizikataa habari za wamisionari hao. Kwake theluji karibu na ikweta haikuwezekana. Aliwaona kuwa ni watu waliodanganywa na macho yao.

Cooley hakuwa mjinga. Alijua kutafuta vitabu kuliko wengi wa zama zake, na alijua kulinganisha mwandishi mmoja na mwingine. Kosa lake lilikuwa kuitumia maktaba kama ngome ya kulindia rai aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ushahidi mpya ulipobisha hodi hakuupima, aliufungia mlango. Mwaka 1861 na 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda miteremko ya Kilimanjaro na kuithibitisha theluji. Kwa Mlima Kenya, Joseph Thomson aliuona mwaka 1883, miaka 2 baada ya Krapf kufariki, na Mwingereza Halford Mackinder akafika kileleni mwaka 1899.

Hata hivyo tusigeuke upande wa pili na kusema kwamba aliyeko mahali pa tukio hakosei. Mwaka 1855 na 1856 ilichapishwa Ulaya ramani iliyochorwa na Jakob Erhardt na Rebmann, wenzake Krapf, kwa kutumia maelezo ya wasafiri na wafanyabiashara wa pwani. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika Mashariki. Ziwa la namna hiyo halikuwako. Yalikuwako maziwa kadhaa yaliyounganishwa pamoja katika mchoro. Lakini ni ramani hiyo yenye kosa iliyochochea safari ya Burton na Speke mwaka 1857. Nyaraka inaweza kukosea na bado ikafaa, mradi mtafiti ajue imekosea wapi na kwa nini.

Vitabu, Miswada na Matoleo

Kati ya safari zake mbili za Ukambani Krapf alirudi Ulaya kwa muda. Mwaka 1850 alichapisha Tübingen kitabu cha misingi ya sarufi ya Kiswahili, na mwaka huohuo msamiati wa lugha 6 za Afrika Mashariki: Kiswahili, lugha ya Wamijikenda, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Pia ilichapishwa tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba. Kwa hiyo sarufi ya Kiswahili na chapisho la Kikamba vilitoka katika mji mmoja, mwaka mmoja, kwa mkono mmoja. Mwanafunzi wa Kitui anayetaka kulinganisha lugha hizi mbili ana chanzo cha mwaka 1850 kinachozipanga safu kwa safu.

Mwaka 1853 afya ilimlazimu kuondoka Afrika Mashariki. Mwaka 1854 aliipelekea Shirika la Mashariki la Ujerumani miswada ya tenzi za Kiswahili, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mmoja ulikuwa wa Chuo cha Herekali, utenzi uitwao pia Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728. Miswada hiyo iliwekwa katika maktaba ya shirika hilo mjini Halle. Huko ikasomwa na Carl Büttner katika karne ya 19, na Carl Meinhof mwanzoni mwa karne ya 20. Na mwaka 1958 Jan Knappert akatoa tasnifu yake ya Leiden juu ya utenzi huohuo. Mhadhiri anayeufundisha utenzi huo leo Nairobi au Dar es Salaam anategemea, kwa kiasi fulani, bahasha iliyotumwa mwaka 1854.

Hapa ndipo panapoonekana pande mbili za jambo tulilolitaja. Karatasi hizo zimehifadhika. Lakini kwa zaidi ya karne moja Mswahili aliyetaka kuziona ilimpasa asafiri hadi Ujerumani. Tena Krapf aliyezihifadhi hati hizo za Kiarabu ndiye aliyeshauri Kiswahili kiandikwe kwa hati za Kirumi, kwa kuwa aliiona hati ya Kiarabu kuwa ni mlango wa Uislamu. Anayemsoma juu ya Uislamu, juu ya mila za Waafrika, au juu ya Waswahili kwa jumla, asome akikumbuka kwamba anayezungumza ni mmisionari mwenye lengo lake.

Mwaka 1858 Krapf alitoa kwa Kijerumani kitabu cha safari zake, na mwaka 1860 kikatoka London kwa Kiingereza kikiwa kimefupishwa. Toleo hilo la Kiingereza lilichapishwa upya mwaka 1968, na ndilo linalopatikana zaidi katika maktaba zetu. Tazama basi safari ya ushahidi mmoja. Kwanza ni shajara ya mkono iliyopelekwa CMS, ambayo nyaraka zake sasa zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Pili ni sehemu zilizochapishwa katika jarida la CMS lililoanza mwaka 1849. Tatu ni kitabu cha Kijerumani. Nne ni muhtasari wa Kiingereza. Tano ni chapa mpya ya 1968. Mwanafunzi anayeandika kwamba Krapf alisema jambo fulani mwaka 1968 amekosea kwa miaka zaidi ya 100. Anayetaja mwaka 1860 bila kueleza kwamba hilo ni toleo lililofupishwa ameficha jambo ambalo msomaji wake alistahili kulijua.

Korntal na Kamusi

Krapf alifanya makazi Korntal, karibu na Stuttgart. Mwaka 1861 na 1862 alirudi pwani kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo Ribe, na mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza Uhabeshi kama mkalimani, lakini maradhi yakamrudisha. Miaka iliyosalia aliitumia mezani. Rebmann, aliyebaki Rabai hadi macho yakapofuka, alirudi mwaka 1875, akaishi Korntal na kufa huko mwaka uliofuata.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza, yenye zaidi ya kurasa 400, ilitoka London mwaka 1882. Hakuiona ikiwa kitabu.

Kamusi hiyo imejengwa hasa juu ya Kimvita, ilhali kazi ya Edward Steere ya mwaka 1870 ilijengwa juu ya Kiunguja. Tahajia yake ni ngumu na haifuati utaratibu mmoja; ndiyo sababu Harry Kerr Binns aliisahihisha na kuipanga upya katika toleo la mwaka 1925. Lakini katika kueleza neno, Krapf mara nyingi hueleza pia chombo, mila au desturi inayohusika, na hivyo ametuachia habari za maisha ya Mombasa ya miaka ya 1840 ambazo kamusi zilizofuata zilizipunguza ili zipate nafasi. Baada yake alikuja A. C. Madan mwaka 1903, kisha kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, kisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Anayefuatilia neno moja katika kamusi hizo kwa mpangilio wa miaka tayari ana sura moja nzima ya tasnifu.

Mafunzo kwa Mtafiti Chipukizi

Kutokana na maisha haya tunaweza kutoa mafunzo machache ya kutumika.

La kwanza ni tahajia. Katalogi haijui nia ya mtafutaji. Hujibu herufi alizoandikiwa. Kamusi ya Krapf imeorodheshwa kwa tahajia ya Suahili, na sarufi yake kwa Kisuaheli. Wamijikenda katika vitabu vya karne ya 19 huitwa Wanika, na Waoromo huitwa Wagalla, majina ambayo wenyewe huyaona kuwa ya dharau na ambayo tusiyatumie katika maandishi yetu ila tunapotaja anwani za kale. Anayetafuta neno Mijikenda pekee atarudi mikono mitupu, kisha ataandika kwamba mada yake haijatafitiwa.

La pili ni mpangilio wa rafu. Katika maktaba zitumiazo utaratibu wa Dewey, lugha ya Kiswahili imo 496.392, fasihi yake 896.392, na historia ya Kenya 967.62. Katika zile zitumiazo utaratibu wa Maktaba ya Kongresi ya Marekani, Kiswahili kimo kuanzia PL8701. Mwanafunzi akishakipata kitabu kimoja, avitazame na jirani zake wa kulia na kushoto.

La tatu ni kujua nyaraka gani inakaa wapi. Aliye Kitui ana maktaba ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya huko Kwa Vonza. Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yana taarifa za wakuu wa wilaya wa enzi ya ukoloni, zikiwemo za Kitui. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J. W. T. Allen aliitolea katalogi mwaka 1970. Mkusanyo wa miswada ya Kiswahili wa SOAS, London, na kamusi ya Krapf yenyewe, sasa hupatikana pia kwa intaneti. Umbali wa Halle na London umepungua. Kisingizio cha kutotazama chanzo kimepungua pia.

La nne ni kuandika chanzo papo hapo: jina la mwandishi, mwaka wa toleo, mahali na ukurasa. Krapf aliandika alichosikia siku aliyokisikia, hata alipokuwa na homa. Mwanafunzi anayeahirisha kazi hiyo hadi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha hujikuta akibuni kurasa, na kubuni ukurasa ni udanganyifu.

Hitimisho

Krapf alianza na ramani yenye nafasi tupu, akaishia kuwaachia wengine vitabu na miswada. Alikuwa na upendeleo wake, na tumeutaja. Lakini alitunza alichokikuta, na kwa sababu hiyo tunaweza kumpima na hata kumpinga kwa kutumia karatasi zake mwenyewe.

Kivoi wa Mwendwa hana namba katika rafu. Yumo ndani ya kitabu cha mgeni wake, katika kurasa chache, akionekana kwa macho ya mgeni huyo. Huko Kitui wazee wanalijua jina lake, na wana masimulizi yao juu ya misafara, njaa na njia za pwani. Mwanafunzi wa Mutomo akiyasoma maandishi ya Krapf kwa makini, kisha akarudi nyumbani kuwauliza wazee alichokikuta humo, atakuwa amefanya kile ambacho Cooley alikikataa: kukiweka kitabu na ushahidi ulio hai mbele ya hakimu mmoja. Tena matokeo ya kazi yake, yakiandikwa vizuri na kuwekwa maktabani, yatakuwa chanzo kwa mwingine atakayekuja na swali lake.